Mashine ya Chapa Darasani: Mjadala Juu ya Mwalimu wa Bañuelos

Antoni Benaiges aliuawa kwa risasi tarehe 25 Julai 1936, wiki moja baada ya majenerali wa Hispania kuiasi serikali ya Jamhuri. Alikuwa na miaka 33, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha Bañuelos de Bureba, mkoa wa Burgos. Kwa mshahara wake alikuwa amenunua mashine ndogo ya kupiga chapa, akaiweka darasani, na watoto wa wakulima wakaanza kuchapisha vijitabu vyao wenyewe. Akawaahidi kwamba kiangazi kile angewapeleka kuiona bahari, maana hawakuwahi kuiona. Hawakwenda.

Filamu ya Patricia Font ya mwaka 2023 imekifikisha kisa hiki mbali, na tangu hapo mwalimu huyu anasimuliwa kana kwamba alizaliwa akiwa sanamu. Sanamu haibishani na mtu, kwa hiyo haina mengi ya kutufundisha. Ndiyo maana nimeweka hapa sauti mbili za walimu wasiokubaliana. Mmoja ni mwalimu mkuu mstaafu wa Tanga, mama aliyeanzia kazi Singida, kwa watoto ambao nao bahari waliisikia kwenye hadithi tu. Mwingine anafundisha historia sekondari na bado ni kijana kwa hesabu za walimu. Mimi mwandishi nimejipa ruhusa ya kudakia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MSTAAFU: Niseme mapema nisije nikasemewa. Waliomuua ni wauaji, na hilo halina upande wa pili. Swali langu liko nyuma ya risasi, siku ile alipofungua mlango wa darasa kwa mara ya kwanza. Mwalimu akiingia na msimamo wake wa siasa, anawafundisha watoto au anawatumia?

KIJANA: Kwanza shikamoo, Mama.

MSTAAFU: Marahaba, mwanangu. Sasa jibu.

KIJANA: Kwani darasa hilo lilikuwa tupu kabla yake? Shule ya kijijini katika Hispania ile ilikuwa na msalaba ukutani, katekisimu ya kukariri, na mtoto aliyezoezwa kuamini kwamba ufukara wa baba yake umepangwa na Mungu. Hiyo nayo ilikuwa siasa, ila ilishazeeka pale hata watu wakaacha kuiona. Jamhuri ilipoingia Aprili 1931 ilikuta watu wengi mno vijijini hawajui kusoma. Ikapanga kufungua shule 27,000 katika miaka mitano. Ikaandika kwenye katiba kuwa elimu ya msingi ni ya bure, ni ya lazima, na haifungwi na dini. Benaiges alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Alikuwa anatekeleza sheria ya nchi yake.

MSTAAFU: Sheria hutungwa mjini, mwalimu ndiye anayelala kijijini. Madrid wakiamua msalaba utoke ukutani, waziri hapandi kwenye kigoda kuuteremsha. Anapanda mwalimu. Na jioni waziri hakutani na mama wa yule mtoto njiani. Wewe umefundisha mjini muda wote, ndiyo maana unazungumza habari za katiba. Mimi nazungumza habari za majirani.

KIJANA: Basi tuzungumze habari za huyo mtu na alikotoka. Alizaliwa 1903 Mont-roig del Camp, mkoa wa Tarragona, kusini mwa Catalonia. Kwao ni wakulima. Jembe hakulisoma vitabuni. Na kutoka Mont-roig hadi Mediterania ni karibu, kwa hiyo bahari kwake haikuwa ndoto ya kishairi. Ilikuwa nyumbani.

MWANDISHI: Mont-roig hiyo ndiko wazazi wa mchoraji Joan Miró walikokuwa na shamba, na picha yake maarufu ya shamba hilo aliimaliza 1922. Haiongezi kitu katika hoja. Nimeitaja kwa sababu inanipendeza kwamba udongo mmoja ulitoa picha inayotunzwa sasa katika jumba la makumbusho Washington na mwalimu aliyetupwa shimoni.

MSTAAFU: Mtoto wa mkulima, sawa. Lakini mkulima wa pwani, Mkatalani, lugha ya mama yake ni Kikatalani, anapelekwa 1934 kwenye nyanda za Castilla kufundisha watoto wa Kikastilia kwa Kihispania. Mgeni kwa lafudhi, kwa desturi, kwa kila kitu. Nami nilikuwa mgeni Singida. Najua mgeni anavyoharakisha kuona kasoro za wenyeji na anavyochelewa kuona akili zao. Hofu yangu kwa watu wanaowaka kwa ajili ya haki ni hiyo: wanafika kijijini na jibu mkononi kabla hawajauliza.

KIJANA: Hapo ndipo mashine inapoingia, Mama. Angefika na jibu, angeleta vitabu vya itikadi. Alileta herufi tupu.

MSTAAFU: Eleza.

KIJANA: Njia aliyoifuata ilikuwa ya Mfaransa Célestin Freinet. Freinet alijeruhiwa pafu katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kufundisha akiwa hana pumzi ya kuhutubia darasa siku nzima. Mwaka 1924, katika shule ya Bar-sur-Loup karibu na Nice, akaingiza mashine ya chapa darasani. Kazi inakwenda hivi: mtoto anaandika anachotaka, kuhusu punda wao, kuhusu theluji, kuhusu ndoto aliyoota. Asubuhi wanasomeana, kisha wanapiga kura kuchagua andiko la siku. Linaandikwa ubaoni na darasa zima linalisahihisha pamoja na mwenyewe. Halafu wanapanga herufi za madini moja moja, kinyumenyume kama zinavyoonekana kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Wino, karatasi, kandamiza, toa. Nakala zinafungwa kijitabu, na nyingine zinapelekwa posta kwenda kwa shule zenye mashine kama hiyo, nazo zinatuma za kwao. Mtoto wa Bañuelos anapata barua kutoka kwa mtoto wa mkoa asioujua.

MSTAAFU: Hapo umenigusa, na sikutegemea. Nimesomesha imla miaka na miaka. Mtoto akikosea herufi kwenye imla, anayeumia ni daftari lake, na mwalimu akiwa mkali, mkono wake. Akikosea kwenye chapa, mstari unavunjwa na wenzake wanangoja. Basi tahajia inakuwa adabu kwa msomaji, na kalamu nyekundu inapumzika. Ningekuwa na mashine hiyo ningefuta nusu ya adhabu nilizotoa. Lakini kura yako hiyo inanitia shaka. Kila darasa lina mtoto wa familia isiyoheshimiwa. Andiko lake litachaguliwa lini?

KIJANA: Kura ina wenye nguvu wake, nakubali, hata ya watoto.

MSTAAFU: Hasa ya watoto!

KIJANA: Ila Bañuelos hawakuwa na kijitabu kimoja. Kulikuwa na *Gestos* cha wakubwa na *Recreo* cha wadogo, na kulikuwa na vijitabu vya mada moja ambamo kila mtoto alikuwa na neno lake. Kimoja walikichapa Januari 1936 kuhusu bahari, na kwenye jina lake walitangaza wazi kuwa haya ni mawazo ya watoto ambao hawajawahi kuiona. Hebu fikiria, Mama. Shule imezoea kumwambia mtoto aandike anachokijua na kuficha asichokijua. Huyu amewaambia waweke ujinga wao jalada la mbele, na ukawa ndio utamu wa kitabu.

MSTAAFU: Nimesikia habari za kitabu hicho. Wengi wameandika kuwa bahari ni kubwa, ni pana, maji yake ni mengi na vina vyake havipimiki, kama mtoto yeyote anavyokisia. Kuna mmoja anayenikaa moyoni. Binti aliyeandika kuwa mwalimu anasema watakwenda kuoga baharini, lakini yeye hatakwenda, anaogopa kuzama. Huyo ndiye mwanafunzi wangu.

KIJANA: Kwa sababu anampinga mwalimu?

MSTAAFU: Kwa sababu mwalimu alimchapa. Usicheke, nasema alilichapa andiko lake. Ahadi ni ya mwalimu, safari ni ya mwalimu, heshima yote ya mradi ni ya mwalimu, na katikati ya kitabu cha mradi huo mtoto anasema mimi simo. Wangapi tungeipitisha sentensi hiyo? Mimi ningemwita pembeni nimbembeleze abadilishe. Ningemwambia, andika kuwa unaogopa kidogo lakini utajikaza. Kwa sentensi hiyo moja namwondolea Benaiges shitaka la kuwatumia watoto. Anayewatumia hawaachi wamkatalie kwa maandishi.

MWANDISHI: Hapa nadakia. Nilipoanza kukifuatilia kisa hiki nilidhani mapenzi ya Benaiges kwa haki ya jamii yatapatikana kwenye hotuba zake na uanachama wake wa vyama. Mstaafu amenionyesha kuwa yako ndani ya kijitabu cha watoto, kwa mtoto wa mkulima kupewa chombo ambacho hadi siku ile kilikuwa cha mapadri, magazeti na serikali, kisha kuachiwa akitumie hata dhidi ya aliyempa. Nadhani waliomuua walilielewa hilo kuliko sisi tunaolia kwenye filamu.

KIJANA: Basi tumemaliza mjadala?

MSTAAFU: Subiri, mwanangu. Nimemwondolea shitaka moja. Bado la ahadi. Kijiji kile kilikuwa maskini kupindukia. Unakumbuka wale wa Misheni za Elimu, aliokuwa akiwaongoza Manuel Bartolomé Cossío kuanzia 1931? Walipeleka vijijini maktaba, sinema, maigizo, hata nakala za michoro ya jumba la makumbusho la Prado mgongoni mwa nyumbu. Kazi nzuri. Halafu kundi la mwandishi Alejandro Casona likafika Sanabria, likakuta watu wenye njaa na magonjwa, na wenyewe wakakiri kwamba watu wale walihitaji mkate na dawa, nao walikuwa wamebeba nyimbo na mashairi. Mimi nauliza hivyo hivyo juu ya bahari. Nani alikuwa ameomba bahari?

KIJANA: Na kundi hilo lilifanya nini baada ya kukiri? Mwaka 1934 walirudi Sanabria na misheni ya namna nyingine, yenye chakula cha shuleni na huduma ya afya, na nyimbo zao wakazibeba pia. Hawakuona kwamba maskini lazima achague. Wanaosema mtoto mwenye njaa hahitaji bahari huwa wameshaiona bahari, Mama. Wewe kutoka barazani kwako unaisikia.

MSTAAFU: Naisikia, na nilipokuwa Singida niliwaahidi watoto wangu vitu vidogo, navyo vingine vilinishinda. Unajua ahadi iliyovunjika inavyofanya kazi? Mtoto haulizi sababu. Anajifunza kuwa watu wazima wenye maneno matamu hawatimizi. Hawa wa Bañuelos waliongezewa na kitu cha kutisha: mwalimu aliyeahidi alitoweka, na nyumbani wakaambiwa wasimtaje.

KIJANA: Aliyevunja ahadi hiyo ni jenerali.

MSTAAFU: Ndiyo. Lakini aliyeitoa ni mtu aliyejua hali ya hewa. Alikuwa akiandika pia kwenye gazeti dogo la eneo lile la Bureba, makala zenye siasa waziwazi, na alijulikana Briviesca, mji wao wa karibu, kuwa mtu wa mrengo wa kushoto. Hapo ndipo ninapokaa na sitoki. Darasani namtetea. Gazetini namlaumu. Mwalimu wa kijiji hana saa ya kutoka kazini. Akiandika makala Jumapili, wazazi wanampeleka mtoto Jumatatu kwa mtu wa upande fulani. Amewachagulia upande bila kuwauliza.

KIJANA: Kwa hiyo mwalimu auze uraia wake ili apate darasa?

MSTAAFU: Aukopeshe. Jioni tu, na kwa kijiji tu. Akirudi Catalonia likizo aandike atakavyo.

KIJANA: Nisamehe, Mama, hapo nitakukatalia moja kwa moja. Hoja yako inadhani kulikuwa na ukimya ambao ungewalinda. Burgos iliangukia mikononi mwa waasi tangu saa za kwanza, na baadaye ikawa makao ya serikali ya Jenerali Franco, kiongozi wao. Benaiges alikamatwa Julai 19, kabla hata nchi haijajua kama ni vita au ni fujo za siku mbili. Kuanzia Novemba mwaka huo waasi wakaunda tume za kuwachuja walimu wote. Unajua tume ilikuwa inaomba taarifa kwa nani? Kwa meya, kwa paroko, kwa mkuu wa kituo cha polisi wa Guardia Civil, na kwa mzazi mmoja mwenye jina zuri. Maswali: anakwenda misa? Anasoma gazeti gani? Watoto aliwafundisha nini? Maelfu walifukuzwa au kuhamishiwa mbali na kwao, na wengi wao hawakuwahi kuandika mstari gazetini wala kugusa mashine ya chapa. Wengine walinyamaza vizuri sana na bado paroko hakuwapenda. Ukimya haukuwa na thamani kwa watu wale.

MSTAAFU: Nakusikia. Lakini umenieleza tabia ya wauaji, hukunieleza wajibu wa mwalimu. Kama mvua itanyesha hata hivyo, haina maana nimtoe mtoto nje.

KIJANA: Hakumtoa mtoto nje. Waliokamatwa siku ile hawakuwa watoto.

MSTAAFU: Na waliokua katika hofu?

MWANDISHI: Kimya kilichofuata hapa kilikuwa cha kweli, na kinastahili maelezo. Mwaka 2010, katika vilima vya La Pedraja nje ya Burgos, kaburi la pamoja lilifukuliwa na miili 104 ikatolewa. Mpiga picha Sergi Bernal alikuwa pale kuandika kumbukumbu ya kazi hiyo, ndipo akasikia kwamba miongoni mwa waliouawa eneo lile kulikuwa na mwalimu aliyewaahidi wanafunzi wake bahari. Akafuatilia. Akakuta wazee waliokuwa wanafunzi wa darasa lile, na akakuta vijitabu. Kutoka hapo kikazaliwa kitabu alichokiandika na wenzake, filamu ya hali halisi iliyotoka 2013, na mwishowe filamu iliyofika kwetu. Mwili wa Benaiges wenyewe haukutambuliwa kati ya ile iliyofukuliwa. Hispania ilitunga sheria ya kumbukumbu ya kihistoria mwaka 2007 na nyingine mpya 2022, na kazi ya kufukua na kutambua ingali ikiendelea.

KIJANA: Vijitabu vilipatikana kwa sababu watu walivitunza. Mashine ilikwisha, mwalimu alikwisha, na karatasi zilizochapwa na watoto zikavuka utawala mzima wa Franco, karibu miaka arobaini. Ndiyo maana siwezi kusema watoto wale waliachiwa hofu peke yake.

MSTAAFU: Miaka mingi hata wenyewe hawakuthubutu kuvitaja. Usiifanye nyepesi. Filamu inaifanya nyepesi, muziki ukianza tu. Mimi nilichukizwa na muziki.

KIJANA: Nami pia, kusema kweli.

MWANDISHI: Angalau muziki umewapatanisha.

MSTAAFU: Hujaniuliza kilichonichukiza zaidi. Ni jambo ambalo kila anayesimulia analisema kwa sifa, na mimi nalisikia kama aibu: kwamba mashine aliinunua kwa fedha zake, na gramafoni vilevile. Jamhuri imepanga shule 27,000, magazeti ya Madrid yanashangilia, na darasa la Bañuelos linategemea mshahara wa mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Siku akiondoka, na aliondolewa, haki yote ya watoto wale inaondoka naye. Ninyi vijana mnaiita moyo wa kujitolea. Nimeisikia sana lugha hiyo kwenye hafla za kuwaaga walimu, karibu kila mara ikitoka kinywani mwa mtu aliyetakiwa kuleta madawati.

KIJANA: Jamhuri ilikuwa na miaka mitano tu, Mama, na miwili kati yake ilikuwa mikononi mwa serikali ya kulia iliyopunguza kasi ya mambo hayo. Ulitaka angoje?

MSTAAFU: Asingengoja, nisingemheshimu. Nilitaka adai. Kila mwezi barua moja kwa mkaguzi wa elimu: mashine, wino, karatasi, nauli ya watoto kwenda baharini, na nakala abaki nayo.

KIJANA: Na kila mwezi asijibiwe?

MSTAAFU: Basi barua hizo angewapa watoto wazichape, kisha wazitume kwa posta kwenye shule zote zenye mashine kama yao.